Je, Aliyekimbia Vita Auawe?



Mwezi uliopita vijana wa kanisa walituonyesha sinema ndani ya jengo la ibada, jioni, watu walipokwisha kutoka mashambani. Ni sinema ya Kimarekani iliyotengenezwa mwaka 1974 kwa ajili ya televisheni. Inaitwa The Execution of Private Slovik, na inaeleza jinsi askari mmoja alivyouawa na jeshi lake mwenyewe kwa kosa la kutoroka vitani. Ndugu mmoja anayejua Kiingereza alisimama kando akitufasiria. Ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Watu walinyamaza kidogo, kisha wakaanza kubishana, na ubishi huo umefika mpaka kwenye foleni ya maji. Ndiyo maana tumeona vema kuandika juu yake.

Habari yenyewe

Habari hii si hadithi ya kutungwa. Eddie Slovik alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Detroit, Marekani. Ujana wake haukuwa mzuri. Aliiba vitu vidogo vidogo akafungwa zaidi ya mara moja. Alipotoka jela mwaka 1942 alipata kazi, akamwoa Antoinette, akatulia. Mwanzoni jeshi lilimkataa kwa sababu ya kifungo chake. Lakini vita vilipozidi kuhitaji watu, jeshi lilibadili neno lake, na Januari 1944 likamchukua.

Agosti ya mwaka huo alifika Ufaransa, akapangwa katika askari wa miguu wa divisheni ya 28. Kabla hajakifikia kikosi chake, mizinga iliwashambulia njiani, yeye na mwenzake wakapotezana na wengine. Wakakaa na askari wa Kanada muda wa wiki kama sita. Aliporudi Oktoba, alimwambia mkubwa wake waziwazi kwamba anaogopa mno, akaomba kazi ya nyuma, mbali na mstari wa mbele. Akakataliwa. Akaondoka, na kesho yake akajisalimisha akiwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, akikiri kwamba ametoroka na kwamba akipelekwa tena vitani atakimbia tena.

Wakubwa walimpa nafasi zaidi ya mara moja aichukue ile karatasi, arudi kikosini, na mambo yaishe. Alikataa. Alidhani atafungwa tu, na jela alikuwa anaijua. Tarehe 11 Novemba 1944 maafisa tisa walikaa kumhukumu. Kesi haikufika saa mbili. Wakamhukumu kifo.

Alimwandikia Jenerali Eisenhower kuomba huruma. Lakini Desemba hiyo Wajerumani walishambulia kwa nguvu kubwa katika misitu ya Ardennes, na jeshi lilikuwa katika shida. Tarehe 23 Desemba jenerali aliithibitisha hukumu. Tarehe 31 Januari 1945, katika mji mdogo wa Sainte-Marie-aux-Mines, Ufaransa, Slovik alifungwa kwenye nguzo ndani ya ua wa nyumba. Padre wa jeshi alikuwa pamoja naye. Askari 12 wa rejimenti yake mwenyewe waliamriwa kufyatua. Bunduki moja ilitiwa risasi ya bandia, ili kila mmoja aweze kujiambia kwamba huenda si yeye aliyeua. Hakufa papo hapo. Alikata roho wakati wenzake wanajaza bunduki mara ya pili. Alikuwa na miaka 24.

Kwa nini yeye peke yake?

Katika vita vile askari wa Marekani zaidi ya 21,000 walipatikana na hatia ya kutoroka. Waliohukumiwa kifo walikuwa 49. Aliyeuawa kwa kosa hilo ni mmoja tu, Slovik.

Wapendwa, tuitazame hesabu hii kwa makini. Kama kutoroka kunastahili kifo, wale 48 walisalimikaje? Na kama hakustahili kifo, yeye aliuawa kwa nini? Inasemekana kwamba siku ile ya mwisho alisema hawamuui kwa kutoroka. Alisema wanahitaji mtu wa kuwa mfano kwa wengine, naye ni rahisi kuchaguliwa kwa kuwa aliwahi kufungwa. Alisema anakufa kwa ajili ya mkate na chingamu alivyoiba akiwa mtoto wa miaka 12.

Mmoja wa wale maafisa tisa, aliyekuwa daktari wa meno, aliandika mwaka 1987, akiwa mzee, kwamba haki haikutendeka.

Hapa tunamkumbuka Kayafa. Katika Injili ya Yohana sura ya 11 alilishauri baraza kwamba yafaa mtu mmoja afe ili taifa lote lisiangamie. Hatusemi kwamba Slovik ni mfano wa Kristo. Kristo hakuwa na kosa, na Slovik kosa lake alilikiri kwa mkono wake. Tunasema kwamba hesabu iliyopigwa ni ileile. Mtu akiadhibiwa kwa kosa lake, bado anahesabiwa kuwa mtu. Akiuawa ili wengine waogope, amegeuzwa kuwa ngoma ya kupigia wengine.

Neno la Mama mmoja

Lakini tusiseme haraka kwamba jambo limekwisha. Mama mmoja wa kanisa letu alisimama usiku ule akasema maneno ambayo hatuwezi kuyaficha. Alisema: "Ninyi mnamlilia huyu Mmarekani. Mimi, askari waliokuwa wanalinda kijiji chetu waliondoka usiku, hata mlango hawakutugongea. Asubuhi adui akaingia. Nilizika watu watatu. Mume wangu nani alimlilia?"

Tulinyamaza. Ana haki ya kusema hivyo. Sisi raia tulipokimbia hatukuvunja kiapo chochote. Askari ameapa. Amepewa bunduki, amepewa posho, watu wamelala kwa sababu yupo. Akiondoka, hatari haiondoki pamoja naye, inamwangukia mwingine. Divisheni ile ya Slovik iliingia katika msitu wa Hürtgen mwezi uleule wa Novemba 1944, na zaidi ya watu 6,000 waliuawa, walijeruhiwa, walitekwa, walipotea au waliugua huko. Hao nao walikuwa na wake na mama zao, nao waliogopa. Mtu aliyekwenda mahali pa Slovik hatumjui jina, lakini alikwenda.

Basi anayetaka kumhurumia Slovik ni lazima amhurumie na yule pia. Huruma inayomwona mtu mmoja tu ni nusu ya huruma.

Neno la Baba mmoja

Kisha Baba mmoja naye akasimama. Alisema: "Mwanangu alichukuliwa njiani akitoka shule, akapewa silaha. Alikaa nao miezi mingi, kisha akatoroka. Waliapa kumuua wakimkamata. Mimi kila siku namshukuru Mungu kwamba alikimbia. Angebaki, angewaua watoto wa wengine."

Huyu Baba na yule Mama wanaabudu pamoja nasi kila Jumapili, benchi mbili zikiwatenganisha. Kwa hiyo swali hili kwetu si la sinema tu. Kutoroka ni neno moja, lakini mambo yake ni mengi. Yupo anayekimbia ili asiue wasio na hatia. Yupo anayekimbia kwa sababu mwili wake umeshindwa na hofu. Yupo anayekimbia na kuwaacha waliomtegemea. Wote watatu wakipelekwa mbele ya ukuta mmoja na kupigwa risasi zilezile, hapo hakuna hukumu tena, maana hukumu ni kupambanua.

Jambo hili halikuishia Ulaya. Katika Vita Kuu ya Kwanza Uingereza iliwapiga risasi mamia ya askari wake, wengi wao kwa kutoroka, na mwaka 2006 sheria ya nchi hiyo ikawasamehe 306, miaka karibu tisini baada ya kuzikwa. Kwetu Kongo, Machi 2024 serikali ilitangaza kwamba hukumu ya kifo, ambayo utekelezaji wake ulisimamishwa tangu 2003, itaanza tena kutekelezwa. Julai mwaka huohuo mahakama ya kijeshi katika eneo la Lubero, Kivu ya Kaskazini, iliwahukumu kifo askari 25 kwa kumkimbia adui na kwa makosa mengine. Wake wanne wa askari walishtakiwa pamoja nao, wakaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Jarida hili si la siasa. Lakini wengine katika makazi haya wana kaka na watoto jeshini, na hawawezi kusikia habari hizo kama habari za mbali.

Maandiko yanatufundisha nini?

Tufungue Kumbukumbu la Torati sura ya 20. Humo wakubwa wa jeshi la Israeli wanaamriwa kuwauliza watu kabla ya vita. Aliyejenga nyumba mpya na bado hajaizindua, arudi. Aliyeposa mke na bado hajamchukua, arudi. Na mwisho kabisa, aliye na hofu arudi nyumbani, asije akaiyeyusha mioyo ya ndugu zake. Gideoni alifanya hivyo katika Waamuzi sura ya 7, na watu 22,000 wakarudi, wakabaki 10,000. Hatusomi kwamba hata mmoja wao aliuawa. Sheria ile ya zamani ilijua kwamba hofu ni kitu cha kweli, na kwamba mwoga hafai kupewa mahali ambapo wenzake watamtegemea. Slovik alisema hofu yake mapema, akaomba kazi nyingine. Hakusikilizwa.

Tufungue na Agano Jipya. Usiku wa Gethsemane wanafunzi wote walimwacha Bwana wakakimbia. Petro, aliyeapa kufa pamoja naye, alikana mara tatu. Kama Bwana angetaka mfano wa kuwatisha wengine, Petro alikuwa tayari. Lakini katika Yohana 21 tunaona moto wa mkaa, samaki, na swali linaloulizwa mara tatu. Petro hakuachiliwa bila kuulizwa. Aliulizwa mpaka akahuzunika, kisha akapewa kazi. Na Yohana Marko, aliyemwacha Paulo kule Pamfilia, alisababisha ugomvi mkubwa kati ya Paulo na Barnaba. Hata hivyo Paulo, karibu na mwisho wa maisha yake, anaagiza aletewe Marko kwa sababu anamfaa. Kama Marko angeuawa Pamfilia, Paulo angemwagiza nani?

Tunavyoona sisi

Baada ya kuomba na kushauriana tunaona hivi. Kuacha wajibu ulioapa kuutunza ni kosa, na waliodhurika wana haki ya kudai. Aliyekosa aulizwe, ahukumiwe, na ikibidi aadhibiwe. Lakini kumuua mtu ili awe funzo kwa wengine ni kumfunga mdomo yule ambaye ndiye anayepaswa kujibu. Maiti haijibu wala haitubu, na haiwezi kurudi kwenye nyumba iliyoiacha.

Tena mzigo hauishii kwake. Slovik alizikwa katika makaburi yasiyo na majina, pamoja na askari waliouawa kwa kosa la kuua na kubaka. Mke wake hakuambiwa ukweli. Alikuja kuujua baada ya miaka, mwandishi William Bradford Huie alipokuwa akitafuta habari za kitabu alichokitoa mwaka 1954. Aliomba viongozi wa nchi wamsafishe mumewe, akafa mwaka 1979 hajapata. Mwaka 1987 mabaki ya Slovik yalirudishwa Detroit, akazikwa kando ya mkewe. Katika makazi yetu wako wake na watoto wanaoitwa "jamaa ya mtoro". Tuache. Wao hawakukimbia kikosi chochote.

Wiki iliyopita tulimtembelea yule Mama. Tulimuuliza kama angependa wale askari wa kijiji chake wauawe. Alikuwa anachambua maharage, akachambua kwa muda bila kujibu. Kisha akasema: "Wakiuawa, mimi napata nini? Ninataka mmoja tu aje, akae hapo mlipokaa, aniambie kwa nini hakugonga mlango."

Hatukuwa na la kuongeza, na hapa pia hatuongezi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika jumuiya zenu

1. Je, yupo mtu uliyemwacha wakati wa kukimbia, ambaye hujamwambia ukweli mpaka leo?
2. Kijana aliyetoroka kundi la wenye silaha akija kukaa jirani nawe, utamuuliza nini kwanza?
3. Kuna tofauti gani kati ya kumsamehe mtu na kusema kwamba hakukosa?

Tuwaombee walio katika mstari wa mbele leo, waliotoroka na kujificha porini, walioachwa bila mlinzi, na wanaoketi kuwahukumu wenzao. Bwana awabariki na kuwalinda nyote. Amina.