Mas'ala ya Bundi wa Pemba

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Amma baad.

Ndugu msomaji, yambo hili lilinijia baina ya Magharibi na Isha, hapa Berega chini ya milima ya Ukaguru. Bundi alitua juu ya paa la chuo, na vijana wangu wakamtokea kwa mawe. Mimi mwalimu wao nilinyamaza; hali najua vyema ya kuwa imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) aliibatilisha itikadi ya Waarabu wa zama za ujahili juu ya ndege huyu. Wengi katika wao walidhani kutua kwake nyumbani ni khabari ya mauti. Kijana mmoja mwenye asili ya Pemba akanambia: "Maalim, kwetu yuko bundi mdogo asiyepatikana nchi nyingine. Naye tumpige?" Usiku ule sikuwa na jawabu.

Asemalo ni kweli. Pemba urefu wake ni maili 42 hivi, na bundi yule hakai penginepo duniani. Mwingereza mmoja, Pakenham, aliyekuwa mtumishi wa serikali Zanzibar, ndiye aliyemwandika katika elimu ya ndege mwaka 1937. Hula wadudu, sauti yake ni "hu" moja fupi, makao yake ni msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, na mashamba ya mikarafuu. Misitu ya asili huko imekatwa hata imebaki kidogo, na mikarafuu mikongwe nayo hukatwa. Kwa hiyo wataalamu wamemtia katika daftari la viumbe vinavyohofiwa kutoweka.

Mtu atasema: Bundi haliwi katika madhehebu yetu, kwani huwinda kwa makucha, na bundi wengine wako tele. Akiondoka huyu tumekosa nini? Jua ya kuwa kutoliwa si ruhusa ya kuua. Wala bundi hayumo katika wale watano waliotajwa kuwa huuawa hata ndani ya Haram. Na Sura ya An'am, aya ya 38, imewahesabu ndege kuwa ni umma kama sisi. Ampigaye bundi wa Berega amemdhulumu ndege mmoja. Amwondoaye wa Pemba ameufuta umma. Katika kisiwa cha Mauritius alikuwako ndege aliyeitwa dodo. Mabaharia walifika, na kabla ya kwisha karne ya 17 hakubaki hata mmoja.

Wanazuoni wetu wamesema: fardhi kifaya, ikiwa hakuna mjini awezaye kuitenda ila mtu mmoja, humgeukia fardhi ain. Mimi nakisia hivyo. Kuhifadhi viumbe ni juu ya watu wote, lakini huyu wa kisiwa kimoja hana mlinzi ila watu wa kisiwa hicho. Hapo ndipo penye uzito, kwani maskini wa Pemba ataka kuni na shamba, nami niliye mbali naandika bila ya kutoa hata senti. Basi asiachiwe mzigo huo peke yake. Atakaye bundi abaki naye achangie.

Nilimweleza kijana haya. Akauliza: "Na huyu wa paa la chuo?" Nikawaamrisha wote wayarudishe mawe kwenye msingi wa ukuta walikoyatoa.