Ngazi Saba

Wadi yetu hapa Rangwe iliitwa kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Nyanya mmoja akainuka kuomba jambo dogo: zahanati yetu mpya ina ngazi saba na haina hata chuma cha kushikia, naye huzipanda kwa viganja na magoti. Karani hajaandika, kijana mmoja akadakia, "Nyanya, hayo waambie watoto wako. Kwetu wazee hutunzwa nyumbani." Watu wakapiga makofi. Karani akafungua ukurasa mwingine.

Tangu siku hiyo najiuliza umma ni nani. Mzee ni nani, hilo si swali: Katiba ya 2010 inamhesabu kila aliyepita miaka 60, basi. Lakini tunaposema zahanati ni ya umma, tunamwona nani akiingia? Ngazi zile zimekwisha kujibu. Aliyezichora alimwona mtu wa miaka thelathini, mzima wa magoti, akamwita huyo ndiye watu wote.

Ziko hoja za haki dhidi ya nyanya. Nchi hii ni ya vijana: sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na waliofika miaka 60 walikuwa kama milioni 2.7 tu. Fedha nazo ni chache. Nakubali.

Hili la "watoto wako" ndilo linalonikera. Watoto gani? Hapa Homa Bay UKIMWI ulizika wana na mabinti wengi, nyanya wakabaki na wajukuu wa kulea. Waliosalia wako Nairobi na Kisumu. Pesa ya M-Pesa hufika mara moja, ila haimshiki mtu kwapa. Hata shilingi 2,000 za Inua Jamii, ruzuku ya Serikali kwa wazee, kila mwezi zitamlipia bodaboda hadi chini ya ngazi, zimwache hapo.

Tena mila inatajwa kana kwamba ilikuwa mapenzi matupu. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi walimolala wasichana wakifunzwa maisha. Uzee ulipewa kazi, na kazi ile ikaezekewa paa. Anayetaja mila na atuonyeshe paa lake.

Na kwa nini jibu lile la kijana wapewe wazee peke yao? Mtoto wa shule ana wazazi, tena wenye nguvu kuliko nyanya yule, lakini darasa lake tunalijenga kwa kodi na hakuna anayemwambia akasomee kwao. Ibara ya 57 ya Katiba imetaja familia na Serikali kwa pumzi moja. Kijana akaifuta Serikali, akapigiwa makofi. Mwana ampende mama yake vipi, hawezi kuja na nyundo kubomoa ngazi za Serikali. Kijana mwenyewe nilimkisia miaka thelathini. Zege likidumu miaka arobaini, atalipanda akiwa na sabini.

Hapa nina neno ninalolipenda: baraza. Ukienda Lamu au Unguja, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta, nje ya nyumba, kwa ajili ya yeyote apitaye. Mpita njia huketi, husalimu, huulizwa habari za nyumbani kwake. Mwenye nyumba amegharimia kiti cha watu asiowajua. Nadhani mkutano, ambao nao tunauita baraza, ulipata jina lake hapo: watu waliketi kwanza, maneno yakafuata. Jina limetufikia huku bara, kiti kikabaki pwani. Siku ile viti vya plastiki vilikuwa chini ya hema, vya wageni. Nyanya alitandika leso kwenye nyasi, na ili aseme ilibidi ainuliwe na watu wawili.

Nilimfuata baadaye, nimeshaandaa barua ya kudai mteremko na vyuma vya kushikia. Nikamsomea. Akaniuliza fedha hizo zitatoka wapi. Nikasema sijui, pengine zipunguzwe kwingine. "Kwenye basari?" akauliza. Mjukuu anayemlea anasoma kwa basari. "Mwanangu, kama ni hivyo, acha ngazi."

Barua ningali nayo. Siwezi kuipeleka bila idhini yake, wala sioni kwa nini alazimishwe kuchagua kati ya magoti yake na mtoto huyo.