Wasiwasi si Kipimo cha Imani



Kila mitihani inapokaribia, kuna ndugu zetu wasiolala. Moyo unadunda, chakula hakishuki, hata Fatiha wanaikosea. Nasi tunawaambia upesi: “Imani yako imepungua, zidisha adhkari.” Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Sehemu ya kosa imo katika neno lenyewe. Kwa Kiarabu, waswasi ni mnong’ono wa Shetani. Kwa Kiswahili, wasiwasi ni hofu yoyote. Basi kila mwenye hofu tunamwona ameingiliwa na Shetani.

Tutazame mwili alivyouumba Allah. Ubongo ukihisi hatari, sehemu yake iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa homoni ya kotisoli. Homoni hii huongeza sukari kwenye damu ili mtu apate nguvu. Kisha hiyo hiyo hurudi kwenye ubongo na kuuambia: yatosha. Hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, husaidia kuizima amri. Hiyo ndiyo breki. Lakini shida ikidumu miezi, ada haijalipwa na nyumbani kuna mgonjwa, breki yaweza kulegea, kama ya boda boda inayoteremka Wandegeya na mzigo kila siku. Mwenye kulegea breki hiyo hakuchagua.

Na sheria yetu haimkalifishi mtu asichokiweza. Nabii Yaqub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na bado ndiye mfano wetu wa subira njema. Subira yake ilikuwa kumshtakia Mola wake huzuni ile bila kukata tamaa. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kimoja juu ya afya ya mwili na ya nafsi, hakuvitenga.

Mtu atasema: basi tusilaumiwe kwa lolote? Hapana. Hofu ijayo yenyewe si dhambi; tutaulizwa tulichofanya nayo: kuibia mtihani, kuacha sala, kumdhulumu mwenzetu. Adhkari hutuliza moyo, wala hazimkatazi mtu kumwona daktari.

Nasi tunaohukumu tutaulizwa kwa ndimi zetu. Ukimwona ndugu yako halali, muulize kwanza kama amekula. Msindikize kwa mshauri au daktari, kisha msali pamoja.

Wallahu a’lam.