Mwili Mbele ya Macho ya Marafiki

JUMATANO

Soma Danieli 1:8–16 na Mithali 27:6.

Mtu akionekana tena Shishiyu baada ya miezi kadhaa, salamu ya kwanza huwa juu ya mwili wake. "Umenawiri!" ni sifa. "Mbona umekonda hivyo?" ni swali linalomkosesha usingizi. Watoto hutaniana wakasahau. Mtu mzima hunyamaza, akaanza kujitazama kwa macho ya wenzake.

Hofu ya kukonda ina historia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na huko Uganda ugonjwa huo ukapewa jina lenye maana ya wembamba. Tangu hapo kukonda kukawa kama hati ya mashtaka. Dawa za kufubaza virusi zimebadili hali ya wagonjwa, lakini minong'ono ni ile ile.

Sasa mfikirie mama mwenye kisukari aliyeambiwa kliniki apunguze uzito. Anapunguza ugali, anaacha sukari, anatembea. Baada ya miezi michache gauni la kwaya linampwaya. Wenzake wa Dorkasi, kwa upendo kabisa, wanamuuliza anaumwa nini, na mmoja anamletea soda. Amsikilize nani? Wengi hurudia sahani ya zamani, si kwa njaa, bali kwa kuogopa kusemwa. (Wanaume nao hawajasalimika: kitambi bado huhesabiwa kuwa mafanikio.)

Mkuu wa matowashi aliogopa jambo hilo hilo, kwamba Danieli na rafiki zake wangeonekana wamedhoofu kuliko wenzao. Danieli hakumdharau kwa hofu yake. Alimwomba msimamizi siku 10 za majaribio. Wengi husahau kwamba siku hizo zilipokwisha vijana wale walionekana wanene zaidi, si wembamba. Fungu hili basi halimpi mtu ruhusa ya kumwaibisha mnene wala mwembamba.

Je, rafiki anyamaze tu? La. Kupungua uzito bila sababu, pamoja na kikohozi cha majuma mawili au zaidi, kwaweza kuwa dalili ya kifua kikuu. Anayemwita mwenzake faraghani, akamweleza anachokiona na kumsindikiza mpaka kituo cha afya, anatoa lile jeraha la uaminifu linalotajwa katika Mithali. Anayetamka hayo hayo mlangoni pa kanisa mbele ya watu hajamsindikiza popote.

Jadili darasani: Mama yule wa kwaya akija Sabato hii na gauni lake linalompwaya, kikundi chake kimwambie nini, na nani amwambie?