Mayele na Kombe Lililoponyoka

Juni 2023 Yanga iliifunga USM Alger 1-0 kwao Algiers, bado Kombe la Shirikisho likaponyoka kwa sheria ya bao la ugenini. Mechi ya kwanza, Dar es Salaam, tulikuwa tumelala 2-1. Fiston Mayele wa Yanga, mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 7, akarudi bila kombe. Wapo waliosema kwisha habari yake. Nendeni uwanja wowote wa vumbi huku kwetu Kasulu na Kibondo: mtoto akifunga, hata kwa mpira wa makaratasi, mabega yanatetema kwa mtindo wa Mayele. Nani humwuliza mtoto huyo kuhusu medali? Mwaka 2025 Mayele alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na klabu ya Pyramids, akafunga kwenye fainali. Lakini heshima yangu alishaichukua Algiers.