Mzigo wa Mwenzio

Mtungaji wa riwaya ya ajabu hupewa mambo mawili bila kudaiwa: dunia mpya aiumbe apendavyo, na njia ndefu ya kuwapitisha watu wake. Je, hupewa pia ruhusa ya kusahau nani aliyebeba mizigo?

Mwaka 1954 J. R. R. Tolkien alitoa The Fellowship of the Ring, kitabu cha kwanza katika vitatu vya hadithi moja. Mbebaji wa pete katika hadithi hiyo si mfalme wala bingwa wa vita. Ni mtu mdogo aliyetwikwa pete ambayo uovu wake ndio uzito wake. Mwisho wa safari, nguvu zinapomwishia, mtumishi wake Sam humbeba mgongoni na kupanda naye mlima.

Msomaji wa Tabora haioni kazi hiyo kuwa ngeni. Katika njia ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji, nguo, shanga na pembe za ndovu zilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu, mzigo wa mtu mmoja ukiwa frasila mbili hivi, yaani ratili 70. Wanyamwezi wengi waliubeba kwa ujira. Watumwa waliubeba bila hiari.

Hata maiti ilibebwa. Livingstone alikufa Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake juani wakashika njia ya pwani. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike hapo. Walikataa. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, na Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Susi na Chuma hawakuwapo mazikoni. Kati ya wabebaji, Jacob Wainwright peke yake alihudhuria. Wengi wa wenzao ni majina tu kwetu, au hata majina hatunayo.

Pengine mtu atasema kwamba riwaya si tarikhi, na kwamba ndoto haitozwi kodi. Maneno haya yana haki yake, lakini yanamhukumu msemaji. Mwanahistoria anao udhuru: jina lisiloandikwa hana idhini ya kulibuni. Mtungaji hana udhuru huo, maana kubuni ndiyo kazi yake. Akimwacha mpagazi bila jina, bila kiu, bila mke anayemngoja nyumbani, hakuzuiwa na upungufu wa karatasi, amechagua mwenyewe.

Basi atakayefungua hadithi ya vitabu vitatu kwa njia ya Tabora, na aumbe majoka na milima isiyokuwapo. Frasila mbili zile asizipunguze hata wakia moja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakusema hivyo kutusifu.