Shomoro wa Tano

Neno: Luka 12, 6–7 na 24.



Huku Jangwani na Kariakoo nyumba zimesongamana na mahali pa kulima ni haba; hata hivyo wako wengi wafugao kuku uani kwao. Kabla jua halijapanda kazi huanza. Banda hufunguliwa, kinyesi hufagiwa, maji ya jana humwagwa na mapya hutiwa, pumba na mabaki ya ugali hutupwa chini. Kuku hutoka mbio. Mara shomoro hushuka kutoka paa la bati wapate punje zilizosalia, na kunguru hutua ukutani, akiinamisha kichwa, akitazama vifaranga. Jioni kuku hurudi wenyewe, naye mwenye kuwatunza husimama mlangoni pa banda akiwahesabu mmoja mmoja, kisha hufunga. Ni kazi ndogo, haisifiwi na mtu, na kesho haina budi kufanywa tena. Lakini Bwana Yesu, alipotaka kuwafundisha wanafunzi wake habari za Baba, hakuwapeleka mbali. Aliwaonyesha ndege wa namna hii hii, kunguru na shomoro.

Kwanza tumtazame kunguru. Katika torati ya Musa, Walawi 11, kunguru amehesabiwa pamoja na ndege walio najisi. Mwisraeli hakumla wala hakumtoa sadaka. Bwana angaliweza kumtaja njiwa, ndege wa hekaluni. Alimchagua yule asiyependwa na mtu, asiyepanda wala kuvuna, asiye na ghala, akasema kwamba Mungu humlisha. Naye mwandishi wa Zaburi ya 147 alikuwa amekwisha kusema kwamba makinda ya kunguru yanapolia Mungu huyapa chakula.

Martin Luther alionya kwamba mtu asikae nyumbani bure akingoja kuku aliyekwisha kupikwa aruke aingie kinywani mwake. Mungu hutoa, lakini hutoa kwa njia ya mikono ifanyayo kazi. Hata kunguru huamka mapema na kuzunguka mji mzima. Basi kufagia banda si kukosa imani, wala kumtilia kuku tone la chanjo jichoni kila miezi mitatu ili kideri kisimwue si kumwonea Mungu shaka. Lililokatazwa ni hofu, kazi haikukatazwa. Afanyaye kazi kwa imani hulala usiku, maana ajua ya kuwa yuko mwingine akeshaye.

Lakini labda mtu atauliza: Kunguru hulishwa kwa nini? Swali hilo niliulizwa miaka kadhaa iliyopita na mama mmoja wa usharika. Baada ya ibada alinijia akasema, “Baba Mchungaji, umetusomea kwamba Mungu huwalisha kunguru. Kwangu amewalisha kwa vifaranga wangu tisa. Wale walikuwa daftari na sare za wanangu.” Nilinyamaza, maana hakuwa akifanya mzaha, na machozi yalikuwa yakimlenga.

Ningaliweza kumwambia yajulikanayo na wengi: kwamba kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa pwani yetu, kwamba waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 wapate kula takataka za mji, kwamba walizaana wakavuka hata bara, na kwamba takataka zetu wenyewe ndizo ziwashibishazo hata leo. Hayo ni kweli, nayo yatufundisha tusimtwike Mungu kila lililoanzishwa na wanadamu. Lakini mwenye kulia hafarijiwi kwa hayo. Nikamwambia, “Mama, nitakuja kwako kesho.”

Nilipofika alinionyesha banda, akanihesabia kuku wote bila kukosea: majike saba, jogoo mmoja, matemba wanne. Alijua ni yupi aliyeanza kutaga na ni yupi aliyekuwa akiatamia. Nikauliza, “Na vifaranga wale walikuwa wakilindwa na nani?” Uso wake ukabadilika. Akasema, “Ni yule mtoto. Nilimwambia awafunike kwa tenga, akasahau.” Nyuma ya banda alikuwa amejibanza msichana wa miaka kama kumi na mmoja, mtoto wa ndugu yake marehemu, mwenye ufagio mkononi. Nikamwita, nikamwuliza kama amekula. Akatazama chini. Kumbe tangu jana hakupewa chakula, iwe adhabu yake kwa ajili ya vifaranga. Nikauliza kuhusu shule. Watoto wa nyumba walikuwa wamekwenda. Yeye alibaki kufagia, na siku alizobaki hivyo hakuna aliyeweza kunitajia hesabu yake.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipolielewa neno la shomoro kuliko nilivyolielewa chuoni. Sikilizeni vizuri. Mathayo aandika kwamba shomoro wawili waliuzwa kwa sarafu moja ndogo. Luka aandika kwamba watano waliuzwa kwa sarafu mbili. Kumi na sita za sarafu hizo ndizo zilizokuwa sawa na dinari moja, yaani ujira wa kibarua wa siku moja. Sasa pigeni hesabu kama mpigavyo sokoni. Wawili kwa moja. Basi wanne kwa mbili. Yule wa tano je? Yule wa tano hakununuliwa. Ni nyongeza. Wenye kwenda soko la Kariakoo wajua jambo hili: mtu hununua fungu la nyanya, kisha husema, “Niongeze,” na muuzaji huongeza moja ndogo juu, isiyo na bei. Shomoro wa tano ndiye huyo. Naye Bwana asema kwamba hata mmoja katika hao hasahauliwi mbele za Mungu.

Tuko katika mtaa unaopaswa kulielewa neno hili. Jina la Kariakoo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wale walichukua mizigo ya vita isiyokuwa yao. Walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na taabu kuliko kwa risasi, na wengi hawana kaburi lijulikanalo. Walikuwa nyongeza katika vita vya wakubwa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mjini mwaka 1927 yawakumbuka kwa jumla, lakini majina yao hayakuandikwa juu yake. Mbele za Mungu majina hayo yapo.

Wala Bwana hakusema kwamba shomoro haanguki. Huanguka. Kunguru huchukua kifaranga, na mtoto hubaki yatima. Katika Mathayo 10 Bwana asema tu kwamba haanguki hata mmoja pasipo Baba. Nasi tungaliona neno hilo kuwa gumu na baridi, kama aliyelisema angalisimama mbali. Lakini yeye mwenyewe aliuzwa kwa vipande thelathini, akahesabiwa katika kundi la waovu, akafa nje ya mji. Baba alimfuata hata kaburini akamfufua. Kwa hiyo aangukaye haanguki mahali ambapo Mungu hajafika.

Yule mama alisikia maneno haya uani kwake, akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Kila jioni nahesabu kuku. Huyu sijapata kumhesabu.” Akaingia ndani, akatoka na sahani ya wali na maharage, akamwita mtoto kwa jina lake, wakala pamoja. Wiki ile mtoto akarudi shule. Vifaranga hawakurudi, wala sare haikupatikana kwa miujiza. Mama aliuza jike mmoja, na sare ya pili usharika ukasaidia. Tenga jipya walilisuka pamoja, na kazi ya kuwafunika vifaranga ikagawanywa kwa watoto wote wa nyumba kwa zamu.

Basi, mpenzi msomaji, nakuuliza neno moja kabla hujaufunga ukurasa huu. Katika nyumba yako, ni nani afunguaye banda asubuhi na kulifunga jioni? Ni nani afagiaye, achotaye maji, alaye mwisho? Yawezekana ni mtoto wa ndugu, au msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, au bibi mzee aliyebaki jikoni. Yeye huhesabu kuku wako; je, yeye huhesabiwa na nani? Ukimhesabu wewe, utakuwa ukifanya kazi ya Baba yako wa mbinguni. Usipomhesabu, jua ya kuwa amekwisha kuhesabiwa, nawe utaulizwa habari zake.

Na wewe ambaye ndiwe shomoro wa tano, usiyenunuliwa na mtu kwa bei, ufanyaye kazi isiyoonekana: usiogope. Amka kesho, fungua banda, tia maji. Yuko akujuaye kwa jina.

Tuombe: Ee Baba, uwalishaye kunguru na kuwakumbuka shomoro, ibariki kazi ya mikono yetu. Utuondolee hofu ya kesho. Utusamehe tuliojua hesabu ya mali zetu tukasahau watu wako. Utufumbue macho tumwone aliye mdogo nyumbani mwetu, kwa ajili ya Yesu Kristo Mwana wako, aliyehesabiwa pamoja nasi. Amina.